Utayari ni Habari, si Ahadi: Mwongozo wa Kusubiri Vishikio Vingi kwa Pamoja

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Programu ya kompyuta, kwa bahati mbaya, haina nafasi ya kushika moja. Chukua mfano wa kompyuta ndogo iliyowekwa katika ofisi ya mradi wa maji mjini Machakos. Mita za vioski vya Mwala, Yatta na Masinga huunganika nayo kupitia mtandao wa simu na kuleta hesabu ya lita zilizouzwa. Modemu iliyochomekwa kwenye USB hupokea ujumbe mfupi wa mafundi walioko nje. Taarifa za malipo ya M-Pesa huingia kwa soketi nyingine, na karani naye ameketi mbele ya kibodi, tayari kuandika amri. Hakuna ajuaye nani atasema kwanza. Mita ya Masinga inaweza kunyamaza saa nzima, kisha zote zikazungumza katika sekunde moja umeme unaporudi. Je, programu moja itawasikilizaje wote bila kumgandia mmoja?

Jibu limejulikana kwa zaidi ya miaka 40: usiisubiri njia yoyote peke yake. Uombe mfumo wa uendeshaji uzisubiri zote kwa niaba yako na ukuamshe mojawapo inapokuwa na jambo. Lakini jibu hilo ndilo mwanzo wa makosa mengi, kwa sababu waandishi wa programu hulisikia neno “tayari” kama ahadi. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba utayari ni habari tu, tena habari ya muda uliokwisha kupita, na kwamba ukimya si habari kabisa. Ukizishika kanuni hizo mbili, sehemu kubwa ya ushauri unaotolewa kuhusu kazi hii utaweza kuufikia mwenyewe kwa kufikiri.

Kusubiri mahali pamoja

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, kila njia ya kuingiza au kutoa data hupewa namba ndogo na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji. Namba hiyo tuiite kishikio. Soketi ya mita ni kishikio, modemu iliyo kwenye /dev/ttyUSB0 ni kishikio, kibodi ni kishikio namba 0. Ukisoma kishikio kisicho na kitu, programu huganda pale pale hadi kitu kije. Kwa hiyo programu inayosoma mita ya Mwala, kisha ya Yatta, kisha ya Masinga, ina kasi ya mita iliyo kimya kuliko zote. Njia ya pili inayomjia mtu haraka ni kufanya vishikio visigande, kisha kuzunguka ukiviuliza kimoja kimoja bila kupumzika. Hapo kichakataji kitakimbia asilimia 100 kwa kazi ya bure, na kama mashine inategemea betri ya sola, utailipia kazi hiyo usiku. Ukiweka usingizi wa sekunde moja kati ya mizunguko, umepunguza joto na kuongeza uchelewaji, lakini bado unabahatisha.

Wito wa select, uliokuja na 4.2BSD mwaka 1983, uliondoa kubahatisha huko. Unaipa kerneli orodha ya vishikio, unalala, na unaamshwa kimoja kinapokuwa na jambo au muda uliouweka unapokwisha. Orodha yenyewe ni safu ya biti, na kwa kawaida katika Linux ina nafasi 1024. Hapa kuna mtego: kikomo hicho kinahusu namba ya kishikio, si idadi ya vile unavyovisubiri. Programu iliyofungua mafaili mengi inaweza kupewa kishikio namba 1024 ikiwa inasubiri vitano tu. Katika lugha ya C, kukiingiza kishikio hicho katika orodha huandika juu ya kumbukumbu isiyokuhusu, na hitilafu hujitokeza mahali pengine kabisa. Python angalau hukataa na kutoa kosa. Wito wa poll, uliofuata katika System V, uliondoa kikomo hicho kwa kutumia orodha ya kawaida badala ya biti, lakini uliacha gharama nyingine palepale: kila unapouliza, kerneli hukagua vishikio vyote upya, hata kama 3 tu kati ya 1,000 ndivyo vyenye habari.

Gharama hiyo ndiyo iliyozua mjadala ambao Dan Kegel aliupa jina la C10K mwaka 1999, yaani namna seva moja inavyoweza kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja. FreeBSD ilijibu kwa kqueue mwaka 2000, na Linux ikaleta epoll mwaka 2002 katika toleo la majaribio 2.5.44. Zote mbili zinafuata wazo moja: sajili vishikio mara moja, kerneli ivikumbuke, kisha kila unapouliza upewe vile tu vyenye habari. Nginx, iliyotolewa mwaka 2004, na Node.js, iliyotolewa mwaka 2009, zimejengwa juu ya wazo hilo. Kwa hiyo seva yenye maelfu ya wateja katika kituo cha data cha Konza, na kikompyuta chako chenye mita 20, hazitofautiani katika kanuni. Zinatofautiana katika hesabu.

Ushauri wa vitendo ni mfupi. Kwa vishikio vichache, poll inatosha. Kwa mamia na kuendelea, tumia epoll au kqueue. Ukiandika Python, tumia moduli ya selectors, iliyokuja na toleo la 3.4 mwaka 2014, nayo itakuchagulia wito bora uliopo kwenye mashine. Kama programu itaendeshwa kwenye Windows, kumbuka kwamba select ya huko inakubali soketi peke yake. Kibodi na modemu utazitafutia njia nyingine.

Kiini cha programu

Kiini cha programu ya mita kinaweza kuandikwa hivi. Kazi iitwayo pokea ni yako kuiandika, na tutaona punde inapaswa kufanya nini.

import selectors, socket, time

kichungi = selectors.DefaultSelector()
mlango = socket.create_server(("", 7000))
mlango.setblocking(False)
kichungi.register(mlango, selectors.EVENT_READ)
mwisho = {}

def karibisha():
    try:
        mita, _ = mlango.accept()
    except OSError:
        return
    mita.setblocking(False)
    kichungi.register(mita, selectors.EVENT_READ)
    mwisho[mita] = time.monotonic()

def funga(mita):
    kichungi.unregister(mita)
    del mwisho[mita]
    mita.close()

def soma(mita):
    try:
        data = mita.recv(4096)
    except BlockingIOError:
        return
    except OSError:
        data = b""
    if not data:
        funga(mita)
        return
    mwisho[mita] = time.monotonic()
    pokea(mita, data)

while True:
    for tukio, _ in kichungi.select(timeout=30):
        if tukio.fileobj is mlango:
            karibisha()
        else:
            soma(tukio.fileobj)
    sasa = time.monotonic()
    for mita in [m for m, t in mwisho.items() if sasa - t > 900]:
        funga(mita)

Programu nzima ina mahali pamoja tu pa kulala, nayo ni mstari wenye kichungi.select. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kazi iliyonyooka. Ukikuta programu ya aina hii inalala mahali pawili, umepata kosa kabla ya kulitafuta.

Kwa nini utayari si ahadi

Tazama jinsi msimbo huo usivyoamini unachoambiwa. Umeambiwa mita iko tayari kusomwa, na bado soketi imewekwa isigande, na bado kuna mstari unaosubiri BlockingIOError. Mtu anaweza kuuliza: kama kerneli imesema kuna data, hadhari yote hii ya nini? Ni kwamba kati ya kuambiwa na kusoma kuna muda, hata uwe mfupi namna gani. Mwongozo wa Linux wenyewe unaonya kwamba select inaweza kutangaza soketi kuwa tayari na usomaji ukaganda hata hivyo. Mfano unaotolewa ni data iliyofika, ikatangazwa, kisha ikatupwa ilipokaguliwa na kukutwa imeharibika njiani. Mlango nao ni vivyo hivyo: mita inaweza kubisha hodi, ukaambiwa kuna mgeni, na kabla hujamkaribisha mtandao ukakatika. Kwa soketi inayoganda, mgeni mmoja aliyeondoka anaweza kuwasimamisha wengine wote.

Utayari pia haukuahidi ujumbe mzima. TCP hupeleka mkondo wa baiti, haijui sentensi. Mita namba 7 ikituma M07;4182 na alama ya mstari mpya, unaweza kupokea M07;41 sasa na 82 baadaye. Ukiuchukua usomaji mmoja kuwa ni ujumbe mmoja, umeandika lita 41 badala ya 4,182, na mwisho wa mwezi hesabu za kioski hazitaingiana. Kwa hiyo kazi ya pokea ni kuweka bafa ya kila mita, kuongeza kilichofika, na kutoa ujumbe pale tu alama ya mstari mpya inapoonekana. Iwekee bafa hiyo ukomo pia, la sivyo mita iliyoharibika itaendelea kutuma bila mstari mpya hadi kumbukumbu ijae.

Mwisho wa mawasiliano nao huja kwa sura ya utayari. Mita ikifunga laini, kishikio chake hutangazwa kuwa tayari kusomwa, na ukikisoma unapata baiti sifuri. Usipokiondoa kwenye usajili kitaendelea kutangazwa milele, na mzunguko utakimbia bila kupumua. Ukiona programu imetulia kwa wiki kisha ghafla kichakataji kinafika asilimia 100 hali wateja ni wachache, anza kuchunguza hapo.

Upande wa kuandika una tabia yake, kwa maana soketi huwa tayari kuandikiwa karibu wakati wote. Ukisajili haja ya kuandika tangu mwanzo, utaamshwa mfululizo kuambiwa jambo unalolijua. Jaribu kutuma kwanza, na kama kerneli imepokea sehemu tu, tunza kilichobaki katika bafa ya kutolea, ndipo usajili haja ya kuandika. Bafa ikiisha, uondoe usajili huo. Kwa njia hiyo mita iliyo kwenye bonde lenye mtandao hafifu itajaza bafa yake peke yake, na jirani zake hawataguswa.

Epoll inakupa uchaguzi mmoja zaidi, na tangi la maji linaueleza vizuri. Mtumishi wa kwanza, kila ukimuuliza, hukwambia kuna maji maadamu tangi halijaisha. Wa pili hupaza sauti mara moja tu maji yanapoingia, kisha hunyamaza. Wa kwanza anatazama kiwango, wa pili anatazama badiliko. Ukimtumia wa pili ni lazima uchote hadi tangi likauke, yaani usome hadi upate EAGAIN, kosa ambalo Python huliita BlockingIOError, kwa sababu ukiacha kiasi hatakukumbusha. Faida yake ni kuamshwa mara chache, na faida hiyo huonekana kwenye seva zenye mzigo mkubwa. Kwa kazi nyingine zote baki na kiwango, ambacho ndicho chaguo la kawaida la epoll. Ukisahau kitu, kiwango kitakukumbusha katika mzunguko unaofuata.

Kwa nini ukimya si habari

Kosa la pili ni gumu kuliko la kwanza kwa sababu halileti dalili. Mita ya Yatta ikizimika ghafla, au laini yake ikasahauliwa na mitambo ya mtandao wa simu, hakuna ujumbe wa kwaheri utakaofika. Kwa upande wako kishikio kiko wazi na hakina data, sawasawa na mita nzima ambayo haijauza maji asubuhi hiyo. Select, poll na epoll zote zitanyamaza. TCP ina kipimo chake cha uhai, lakini hakifanyi kazi usipokiwasha, na katika Linux kwa kawaida husubiri sekunde 7,200, yaani saa 2, kabla ya kujaribu mara ya kwanza. Ndiyo maana msimbo wa juu unaweka kumbukumbu ya mara ya mwisho kila mita iliposikika, na kuifunga iliyokaa kimya zaidi ya sekunde 900. Ilazimishe mita itume salamu fupi kila dakika 5 hata kama haina jipya. Ukimya wa dakika 15 sasa una maana, kwa sababu umeupa maana wewe mwenyewe.

Kuna ukimya wa aina nyingine, unaotoka ndani ya programu. Kerneli inajua kilichomo kwenye bafa zake, haijui kilichomo kwenye bafa za lugha unayotumia. Karani akibandika mistari mitatu kwa mkupuo na wewe ukasoma kwa readline ya Python, maktaba inaweza kuvuta yote mitatu na kukupa mmoja. Ukirudi kulala, kerneli itakwambia hakuna kitu, nayo haijasema uongo: mistari miwili iko mkononi mwako. Soma kwa os.read na ukate mistari mwenyewe. Mawasiliano yaliyosimbwa kwa TLS, kama yale ya taarifa za malipo, yana tabia hiyo hiyo, hivyo kabla ya kulala uliza kama kuna baiti zilizokwisha kufunguliwa na hazijasomwa. Katika Python swali hilo huulizwa kwa pending.

Hoja za wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni kwamba nyuzi ni rahisi zaidi: kila mita ipewe uzi wake, uzi ugande utakavyo, nyingine ziendelee. Hoja hii ina uzito. Kwa mita 20 nyuzi 20 hazitaishinda kompyuta yoyote ya leo, na wanaotishia kwamba kila uzi hula MB 8 husahau kwamba hiyo ni nafasi iliyotengwa kwa rafu yake, si kumbukumbu iliyokwisha tumika. Tatizo liko kwingine. Mita na malipo hugusa daftari moja la salio. Uzi wa M-Pesa ukisoma salio, na uzi wa mita ukalipunguza kabla wa kwanza haujaandika, shilingi zimepotea na hakuna kumbukumbu itakayoonyesha zilikokwenda. Utahitaji kufuli, kisha utaratibu wa kufuli, kisha njia ya kuuamsha uzi ulioganda kwenye mita iliyokufa. Mzunguko mmoja hushughulikia jambo moja kwa wakati, na maadamu unalimaliza badiliko la salio kabla ya kurudi kulala, mpangilio huo unaupata bure.

Pingamizi la pili linasema kazi hii imekwisha fanywa na asyncio au Node.js, kwa nini tuhangaike na vishikio? Zitumie bila haya. Lakini chini yake, kwenye Linux, kuna epoll ile ile, na kanuni mbili za mwongozo huu haziondoki. Anayesubiri kusoma kwa await bila kuweka muda wa kikomo ataisubiri mita iliyokufa siku zote, na anayeandika bila kusubiri drain atajaza bafa bila kujua. Maktaba humpunguzia mjuzi kazi, na humficha asiyejua kosa lake.

La tatu ndilo zito kuliko yote: mzunguko mmoja ukipata kazi nzito, wote wanangoja. Ni kweli. Ripoti ya mwezi inayochukua sekunde 5 ni sekunde 5 za uziwi, na hata kutafuta anwani ya jina la mtandao kunaweza kugandisha programu. Mafaili ya diski hayasaidii, kwani select na poll huyaita tayari daima na epoll hukataa kabisa kuyasajili. Dawa ni kupeleka kazi nzito kwa mchakato mwingine na kupokea jibu lake kwa paipu, na kishikio cha paipu hiyo kikasajiliwa pamoja na vingine. Linux imeleta pia io_uring tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019, ambayo hukujulisha kazi iliyokwisha badala ya kishikio kilicho tayari, nayo inafaa diski. Kwa mradi wenye mita 20, paipu inatosha.

Kabla ya kuipeleka programu kazini, ijaribu kwa vitendo vitatu. Kwanza, kutoka mashine nyingine, fungua laini kwa nc na utume nusu ya ujumbe, M07;41, bila mstari mpya, kisha uache hivyo. Fungua laini ya pili na utume ujumbe mzima. Ujumbe wa pili ukingoja wa kwanza, programu yako inaganda mahali fulani. Pili, chomoa umeme wa mita moja bila kuizima na uhesabu dakika hadi programu itambue. Tatu, iache bila kazi na uitazame kwa strace. Inapaswa kuwa imelala kwenye epoll_wait, ikiamka kila sekunde 30 kukagua nani amenyamaza kupita kiasi, kisha irudi kulala.